Yowe Likipigwa Kifuani

Sogeeni karibu na moto, wajukuu zangu, ila kaeni upande upepo unakotoka msije mkavuta moshi. Mmoja wenu ananidai jibu tangu juzi. Mdogo wake aliugua mafua makali, akawaka homa siku tatu, hataki kula, hataki kuguswa, anaumwa mpaka kwenye nywele. Siku ya nne asubuhi akaamka anaomba uji. Dawa aliyokuwa akipewa ilikuwa ya kutuliza homa tu. "Bibi, sasa nani alimponya?"

Swali zuri hilo, na jibu lake linaanzia mbali kidogo, kijijini nilikozaliwa, upande wa Kahama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa binti mdogo, na usiku wa kwetu haukuwa na amani. Baada ya Vita vya Kagera bunduki zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakawa wanaingia zizini wakiwa na silaha. Ndipo wazee wa Kahama na Shinyanga wakaanzisha ulinzi wao wenyewe, ukaitwa Sungusungu, jina la wale wadudu weusi wa jamii ya sisimizi wanaouma kwa pamoja. Walibeba pinde na mishale, lakini silaha yao kubwa ilikuwa yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano. Nyumba ikivamiwa, mwenye nyumba anapiga yowe. Jirani akilisikia haulizi ng'ombe ni wa nani. Analipokea, analipeleka mbele, anashika upinde anatoka. Nakumbuka usiku mmoja yowe lilitoka mashariki, likapita juu ya paa letu la nyasi, likaenda kufia magharibi, na mama akaburuta kinu akakiegemeza mlangoni. Sisi hatukuwa tumeibiwa kitu. Yowe peke yake lilitosha kutufanya tufunge mlango.

Kikumbukeni kile kinu. Tutakirudia.

Sasa tuseme mgonjwa ni wewe. Umepanda Hiace kutoka Katoro kwenda Geita mjini, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, na abiria wa mbele yako anakohoa bila kuziba mdomo. Matone madogo yanaelea hewani, nawe unayavuta. Ndani ya matone hayo kuna virusi vya mafua makali, vile ambavyo daktari anaviita influenza. Ni vidogo kiasi kwamba ukivipanga 10,000 kwa mstari ndipo unapata urefu wa kama milimita 1.

Njia yako ya hewa haiko wazi hivihivi. Imepakwa kamasi, na chini ya kamasi kuna vinyweleo vingi vinavyopiga kwa pamoja kama makasia ya mtumbwi, vikisukuma uchafu kurudi juu kooni uumeze au uuteme. Virusi vingi vinaishia hapo. Vichache vinapenya, kwa sababu vina zana mbili. Moja ni protini inayoshika sukari iliyo juu ya seli zako, kama ndoano. Nyingine ni mkasi wa kukata sukari hiyohiyo, ili kirusi kisinaswe kwenye kamasi na watoto wake waweze kujikwanyua wakishazaliwa. Mkisikia redioni wanataja H1N1, H ni ile ndoano na N ni ule mkasi.

Kirusi kikishaingia ndani ya seli kinafungua mzigo wake: vipande 8 vya RNA, ambavyo ni maagizo ya namna ya kutengeneza virusi vingine. Seli inatii maagizo hayo kama mfanyakazi aliyelaghaiwa. Haipiti hata siku moja, seli moja iliyotekwa inaweza kutoa maelfu ya virusi.

Hapo ndipo utakapouliza: mwenye nyumba amelala?

Hajalala. Ndani ya karibu seli zako zote kuna walinzi wanaokagua barua. Mnajua mgeni akitaka kuhamia kijijini huja na barua ya utambulisho, na mtendaji hutazama muhuri kabla ya kusoma maneno. Seli nayo hufanya hivyo. Kila ujumbe wa RNA inaouandika yenyewe huvalishwa kofia kwenye ncha, na kofia hiyo ndiyo muhuri. RNA ya kirusi cha mafua ina ncha tupu. Kuna mlinzi anayeitwa RIG-I ambaye kazi yake ni kushika ncha za namna hiyo. Akiishika moja tu, anapiga yowe.

Yowe la seli ni protini inayotolewa nje, inayoitwa intaferoni. Mwaka 1957, kwenye taasisi ya utafiti ya Mill Hill, London, Mskoti Alick Isaacs na Mswisi Jean Lindenmann walichukua ngozi laini iliyo ndani ya yai la kuku, wakaiweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Baadaye wakachukua maji yaliyobaki, wakayamimina kwenye ngozi nyingine ambayo haijawahi kukutana na kirusi. Kisha wakaleta virusi hai. Virusi vikashindwa kuzaliana vizuri. Kulikuwa na kitu ndani ya maji yale kilichobeba habari kutoka seli zilizoona hatari kwenda kwa seli ambazo hazijaona. Mimi nikiisoma habari hiyo namwona mama akiburuta kinu. Seli jirani ikipata intaferoni hufanya vilevile: huwasha mamia ya jeni kwa mkupuo, ikatengeneza protini za kubana mlango, za kukata RNA ngeni, za kusimamisha kiwanda chake chenyewe kama italazimu. Haijaibiwa kitu. Imesikia yowe tu.

Na mwili una hekima hapa ambayo wanasayansi walianza kuigundua karne hii, mwaka 2003. Yowe si moja. Kuna intaferoni iitwayo lamda, ambayo husikiwa hasa na seli za utando wa njia ya hewa na tumbo. Hiyo ni sauti ya chini, ya jirani kumgongea jirani ukutani: funga mlango, kuna mtu nje. Seli za utando zinajifunga, na umati haujaitwa bado. Kirusi kikizidi nguvu ndipo lile yowe kubwa linapotawala, linalosikika mwili mzima.

Kirusi nacho si mjinga. Kina protini iitwayo NS1, na kazi yake mojawapo ni kumziba mlinzi mdomo ili yowe lichelewe. Vita yote ya siku ya kwanza, wakati wewe hata hujapiga chafya, ni mbio kati ya yowe na kiganja kinacholiziba.

Kuna jambo jingine mnaweza kulitazama hapo uani. Mnawaona kuku na bata wanachakura pamoja? Yakija mafua ya ndege yaliyo makali, kuku hufa karibu wote kwa siku chache, lakini bata wengi huponea. Wengine hata hawaonyeshi kuugua. Mwaka 2010 watafiti wa Canada na Marekani walieleza sababu mojawapo: bata anaye mlinzi RIG-I, kuku hanaye. Walipoiweka jeni hiyo ya bata ndani ya seli za kuku, virusi vilivyozalishwa vilipungua. (Msichanganye na mdondo, ule ambao wengine huuita kideri na ambao kila mwaka hutumalizia kuku. Huo una kirusi chake kingine, na chanjo yake ipo, mkumbusheni baba yenu.) Januari 2017 mafua ya ndege yalikutwa upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, ndege wa porini wakifa ufukweni. Kwa hiyo mkimkuta ndege amekufa mwaloni msimguse. Mwiteni mtu mzima.

Turudi kwako. Yowe limepita. Sasa umati unafika.

Wa kwanza yuko hapohapo siku zote: seli kubwa inayokaa ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu, inaitwa makrofaji, yaani mlaji mkubwa. Humeza virusi, humeza seli zilizokufa, na hutoa ishara za kuita wengine kutoka kwenye damu. Wanakuja nyutrofili, wepesi, wakali, wanaotema kemikali za kuchoma. Mishipa ya damu inalegea ili wapite, na majimaji yanapita nao. Ndiyo maana pua imevimba na kifua kinabana. Habari inafika pia kwenye ubongo kwa njia ya kitu kinachoitwa prostaglandini, na sehemu ndogo chini ya ubongo inapandisha kipimo cha joto. Unatetemeka kwa baridi katikati ya jua la Shinyanga kwa sababu ubongo umeamua nyuzi 37 hazitoshi. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard walionyesha kwa panya kwamba kuna neva chache nyuma ya koo zinazoonja prostaglandini hiyo na kuuambia ubongo: mgonjwa, lala, usile. Zikizimwa, panya mwenye mafua hapunguzi kula sana kama wenzake. Kwa hiyo mdogo wako alipokataa ugali hakuwa na kiburi. Mwili wake wenyewe ndio uliomwambia apumzike.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye jibu.

Sungusungu walipunguza wizi, nalisema hilo kwa shukrani. Ng'ombe wetu walilala zizini. Lakini umati uliokasirika usiku hauna macho. Katika mikoa yetu hii, Shinyanga, Mwanza na Geita ya leo, ghadhabu ya watu imewahi kuwaangukia vikongwe wasio na kosa, wakauawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu. Na wekundu ule ulikuwa wa moshi, wajukuu zangu, wa miaka 50 ya kupika kwa kuni na samadi kavu ili watu wale. Bado naumia nikilitaja. Baadaye serikali iliwatambua Sungusungu kwa sheria ya 1989, wakawekwa chini ya usimamizi, na mhalifu akapaswa kupelekwa mbele ya vyombo vya sheria.

Umati ulio ndani ya mapafu nao hauna macho. Kemikali ya nyutrofili inachoma kirusi, na inachoma pia utando mwembamba unaopitisha hewa kuingia kwenye damu. Majimaji yaliyokuja na walinzi yakizidi, vifuko vya hewa vinajaa maji, na mgonjwa anazama akiwa kitandani. Watu wengi wanaokufa kwa mafua makali hawauawi na kirusi peke yake. Mapigano yenyewe yamebomoa nyumba.

Kwa hiyo mwili umejiwekea breki, na breki hizo ndizo zilizomponya mdogo wako kama vile walinzi walivyomponya.

Breki ya kwanza imo ndani ya yowe lenyewe. Zile jeni zinazowashwa na intaferoni, baadhi yake hutengeneza protini ziitwazo SOCS1 na USP18, ambazo kazi yao ni kuziba masikio ya seli ili isiendelee kusikia intaferoni. Yaani ujumbe unaosema "amka" umeshikana na ujumbe wa baadaye unaosema "imetosha". Mtu mzima mwenye busara hupiga yowe hivyo.

Nyingine ninaipenda zaidi. Seli za utando wa njia ya hewa zina protini iitwayo CD200, inayogusana na makrofaji aliye jirani na kumtuliza, kama mama anayeweka mkono begani kwa kijana mwenye upanga. Makrofaji wa mapafu wanaguswa hivyo siku zote, ndiyo maana hatuwaki homa kila tukivuta vumbi kidogo au chavua ya mahindi. Mwaka 2008 watafiti wa London walitumia panya waliozaliwa bila CD200. Walipopata mafua, mapafu yao yalivimba kupita kiasi na yakachelewa kutulia, wakaugua vibaya kuliko panya wa kawaida.

Halafu, yapata siku ya sita au ya saba tangu kirusi kiingie, wanafika askari waliofunzwa kwa adui mmoja tu, seli T, wanaoua seli zilizotekwa. Mwaka 2009 watafiti wa Virginia, Marekani, waligundua kwa panya kwamba askari haohao hutoa pia kitu cha kutuliza kiitwacho IL-10. Walipokizuia kitu hicho, panya walikufa kwa mapafu kuvimba. Mkono mmoja una mkuki, mkono wa pili unafukia moto. Na nyutrofili wakimaliza kazi hufa wenyewe upesi. Makrofaji huja kuwameza kimyakimya, na kule kuwameza ndiko kunakombadilisha makrofaji kutoka mpiganaji kuwa mjenzi. Anaanza kutoa vitu vya kushona utando uliochanika. Siku hiyo ndiyo unayoamka ukiomba uji.

Breki zikikatika inakuwaje? Dunia iliona mwaka 1918. Mafua ya mwaka huo yanakadiriwa kuua watu milioni 50. Huku kwetu yalifika vita ya Wajerumani na Waingereza ikiwa inakwisha, wapagazi wamechoka, Ugogo kuna njaa kali iliyoitwa Mtunya, na reli ya kati, iliyokuwa imefika Kigoma tangu 1914, ikibeba watu na ugonjwa pamoja. Cha kushangaza ni kwamba mafua yale yaliua sana vijana wa miaka 20 hadi 40, watu wenye nguvu. Mwaka 2005 wanasayansi walikiunda upya kirusi kile kwenye maabara yenye ulinzi mkali, na mwaka 2007 huko Canada walikijaribu kwa kima. Waliona kinga ya mwanzo ya kima wale ikiwaka na kukataa kuzimika, huku intaferoni zilizotakiwa kutangulia zikiwa zimevurugwa. Yowe lilichelewa, kisha umati ukaja bila kiongozi. Wengi wa waliokufa 1918 walimaliziwa na bakteria walioingia kwenye mapafu yaliyokwisha kubomoka.

Sasa niwaambie la hapa kwetu, kwa sababu wengine wenu baba zao wako maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu na Rwamgasa, na wengine mnapita karasha, mashine ya kusaga mawe, mkitoka shule. Jiwe lenye dhahabu mara nyingi ni la kwatzi, na karasha likilisaga hutoa vumbi jeupe laini kama unga wa muhogo. Ndani ya vumbi hilo kuna silika. Makrofaji wa mapafu hulimeza vumbi wakidhani ni uchafu wa kawaida. Hawawezi kulisaga. Punje hupasua mfuko ulioimeza, makrofaji anakufa, punje inatoka, makrofaji mwingine anaimeza, naye anakufa. Kila anayekufa anapiga yowe. Yowe lisilo na mwizi, mwaka baada ya mwaka, na mapafu yanajaa makovu. Mtu wa namna hiyo akipata kifua kikuu au mafua makali, walinzi wake wa kwanza wamekwisha kuumizwa. Maji yakinyunyizwa kwenye jiwe kabla ya kusagwa vumbi linapungua sana. Kitambaa usoni hakitoshi, maana punje hatari ni zile ndogo zisizoonekana. Na mtoto hana kazi yoyote kwenye karasha, hata ya kushika gunia.

Jambo la mwisho ni lile linalotuponza zaidi. Mtoto akipata homa huku Geita, watu wanasema malaria. Ni kweli mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni, kifanyike bila kuchelewa. Lakini kifanyike kabla ya dawa. Mwaka 2008 watafiti walichunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa kama 1 kati ya 10, na zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yao ya virusi. Dawa ya malaria haikigusi kirusi cha mafua, na dawa za kuua bakteria hazikigusi pia. Aspirini msimpe mtoto mwenye mafua kabisa. Inaweza kumletea madhara mabaya ya ini na ubongo.

Wewe uliyeniuliza, nakupa kazi. Usiku mama akiwa amechoka na mdogo wako anakohoa, fungua saa ya simu, tazama kifua chake akiwa ametulia, hesabu anavyopumua kwa dakika 1 nzima. Akiwa na mwaka 1 hadi 5, zikifika 40 au zaidi, hiyo ni hatari. Mwenye miezi 2 mpaka chini ya mwaka, ni 50. Au ukiona nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au midomo inabadilika rangi, usisubiri asubuhi. Mwamshe mama, piga yowe kwa jirani mwenye pikipiki, mtoto afike kituo cha afya usiku huohuo.